Mwaka Tuliobishania Njia ya Ng'ombe

Tulimzika Yeiyo Nashipae Jumamosi moja yenye upepo, kule ndani kupita Kajiado mjini, mahali ambapo lami imeisha zamani na gari linaanza kuomba msamaha. Nilifika nimechelewa, nikaonyeshwa kiti cha plastiki chini ya hema, na nilipoketi nikakuta niko mstari mmoja na watu ambao sikuwa nimewaona pamoja kwa miaka mingi. Mutiso, aliyekuwa bosi wangu wa kwanza, sasa amestaafu na magoti yake hayataki ngazi. Brayo, aliyekuwa kapteni wa timu ya mpira, sasa ana kitambi na filimbi ya kocha shingoni hata matangani. Na Mzee Kamau, mwembamba kama ufito, ameletwa na mjukuu wake na kufunikwa blanketi miguuni. Hakuna aliyetupanga hivyo. Binti wa marehemu, Silantoi, alipopita na chai akatuangalia mmoja baada ya mwingine, Mkamba, Mluhya, Wakikuyu wawili, akauliza kwa adabu tulijuana vipi na mama yake. Tuliangaliana. Mutiso ndiye aliyejibu. "Tulikuwa tunapigana na yeye," akasema, na Silantoi akacheka, akatumiminia chai zaidi.

Tangu mwaka ule nimefanya kazi ya kukusanya maoni ya wananchi mpaka nimechoka nayo kama mtu anavyochoka na ndoa nzuri. Nimekusanya maoni ya soko, ya stendi, ya choo cha umma. Nimesimama mbele ya watu Gataka wakati mvua inapiga mabati na hakuna anayesikia mwenzake, na Kona Baridi ambapo upepo ulibeba karatasi zangu zote zikateremka bondeni kuelekea Magadi. Kila mahali ni vile vile: viti vya plastiki, soda zilizopata joto, mtu mmoja anayeongea kuliko wote, na mwishoni swali lile lile, je, haya tuliyosema yatafanywa? Siku hizi nalijibu kwa uangalifu. Lakini mwaka wa kwanza, nilipokuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nimetoka chuo na viatu vya kuazima, nililijibu kwa sauti kubwa: ndiyo, yatafanywa. Kaunti zilikuwa changa, na sisi sote tulikuwa wachanga pamoja nazo.

Ofisi yetu ilikuwa Kitengela, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la agrovet. Chumba kizima kilinuka dawa ya kuoshea ng'ombe kupe, na harufu hiyo iliingia kwenye nguo zangu hata nikikaa kanisani, aliyekaa kando yangu alinusa na kuhama kidogo. Mutiso alikuwa afisa wa mipango. Alikunywa chai ya sturungi kikombe baada ya kikombe, bila maziwa, bila kula, na nyuma ya kiti chake kulikuwa na ramani kubwa ya mitaa ambayo ilikuwa imepitwa na wakati kabla wino haujakauka, maana nyumba zilimea Kitengela kama uyoga. Katikati ya ramani hiyo kulikuwa na mraba mmoja wa kijani. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu. Shamba kubwa la zamani lilipogawanywa na kuuzwa vipande vipande, kipande hicho kiliachwa kiwe cha umma. Sasa ilisemwa kigeuzwe bustani ya wakazi, mahali pa kupumzika na kucheza, na kabla ya kujengwa lolote, wakazi waulizwe wanataka nini. "Waulizwe," Mutiso aliniambia siku ya kwanza, akisogeza kikombe. "Unasikia hilo neno linavyoonekana rahisi?"

Kiwanja chenyewe hakikuwa tupu. Jioni vijana walicheza mpira hapo, magoli yakiwa mawe. Jumapili kanisa moja lilifunga turubai pembeni. Upande wa chini watu walimwaga takataka. Na asubuhi na jioni ng'ombe na mbuzi walikatiza katikati, wakitoka malishoni kwenda kunywa maji, kama walivyopita tangu kabla hapajakuwa na nyumba hata moja. Wenye ng'ombe walikuwa familia chache za Kimaasai zilizobakiwa na ardhi kidogo upande wa pili. Aliyeongea kwa niaba yao, hata kama hawakumtuma, alikuwa Yeiyo Nashipae. Yeiyo ni mama kwa Kimaasai, na kila mtu alimwita hivyo, hata waliomchukia. Alikuwa mjane, mrefu, mtumiaji wa ugoro, mwenye mdomo mkali. Mara ya kwanza nilipomsalimia kwa lugha yake, "Takwenya, Yeiyo," aliitikia "Iko," halafu akaniangalia juu hadi chini na kuuliza kwa Kiswahili, "Wewe ni wa serikali ama ni wa kuuza ploti?"

Upande mwingine alikuwa Mzee Kamau, mwenyekiti wa chama cha wakazi wa nyumba za mawe. Alikuwa amefanya biashara ya mbao miaka mingi, akastaafu, akajenga. Alivaa koti hata kwenye jua. Yeye alitaka kitu kimoja tu: kiwanja kizungushiwe ua, kiwekewe geti na askari, na mifugo isitie mguu tena. Alilisema jambo hilo kwenye mkutano wetu wa kwanza, ambao ulikuwa aibu tupu. Tulikuwa tumebandika matangazo kwenye kila kioski na kutengeneza chai ya kunywesha mtaa mzima, wakaja watu wachache, nusu yao wakidhani ni semina yenye posho. Walipojua hakuna posho walikunywa chai wakaondoka. Kamau alibaki, akasema yake, akaketi. Brayo na wenzake walisema wanataka fildi ya saizi kamili. Yeiyo Nashipae hakuja kabisa.

Halafu jua likawaka. Mvua ya mwezi wa nne ilipita mbali, nyasi zikaisha, na mifugo ikaanza kupita kiwanjani mara nyingi zaidi, ikisimama kutafuna hata maua ya watu mageti yakiachwa wazi. Asubuhi moja tulipofika ofisini tulikuta simu inalia. Chama cha wakazi kilikuwa kimechoka kungoja, kikachimba mashimo na kufunga seng'enge kukatiza kiwanja kizima. Ng'ombe wa kwanza waliofika alfajiri hawakuiona. Mtamba mmoja wa Yeiyo Nashipae alijitupa kwenye waya, na kadiri alivyojivuta ndivyo waya ulivyozama. Tulipofika, vijana wa Brayo walikuwa wameshaukata kwa koleo la fundi, mtamba amelala ubavu, kifua chote kimefunguka. Yeiyo alikuwa amechuchumaa kichwani pake akimsemesha kwa sauti ndogo. Hakulia wala hakumtukana mtu. Moran wawili, vijana mashujaa wa Kimaasai, walisimama nyuma yake wakiangalia zile nyumba za mawe, na mimi niliogopa namna walivyoziangalia kuliko ninavyoweza kueleza. Mutiso alivua kofia. Mtamba alichinjwa hapo hapo.

Mkutano ulioitishwa wiki hiyo haukuhitaji matangazo. Tulikutana katika kanisa la mabati lililo kando ya barabara, na lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Nje lori za mawe kutoka machimboni zilipita moja baada ya nyingine, na kila ilipopita ilibidi msemaji angoje vumbi na kelele vitulie. Wenye nyumba walikaa kulia, wafugaji kushoto, kama harusi ambayo familia zimekataa kupatana. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Wazee wawili wa Kimaasai hawakujua Kiswahili vizuri, na Kimaasai changu, kilichokuwa cha sokoni, ndicho pekee tulichokuwa nacho mezani. Mzee mmoja alikuwa akieleza ya mtamba wakati Mzee Kamau alipomwinamia jirani yake na kumnong'oneza kwa Kikuyu. Nilikuwa karibu. Nilimsikia sawasawa: "Hawa walikula shamba lao wakamaliza. Sasa wanataka kula na hiki."

Yeiyo Nashipae aliona uso wangu. Alinyoosha kidole, si kwa Kamau, kwangu. "Entito," akasema, yaani wewe msichana, "huyo mzee amesema nini?"

Nilimwangalia Mutiso. Alitikisa kichwa kidogo sana: usithubutu. Ningeweza kusema sikusikia. Lakini kanisa zima lilikuwa limenyamaza na mama yule alikuwa ananingoja mimi, na niliona kwamba nikisema uongo hapo, basi kila nitakachotafsiri baadaye kitakuwa uongo. Nikasema. Nilisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida, neno kwa neno. Kelele iliyozuka ilimeza hata lori. Moran walisimama. Upande wa kulia mtu aliangusha kiti. Mutiso alipiga meza mpaka sturungi ikamwagika, na katikati ya vurugu hiyo Yeiyo alisimama, akangoja, bila haraka, mpaka watu wakaona haya wakanyamaza.

"Mimi sikukula shamba," akasema. "Bwana yangu aliuza. Alitoka asubuhi na watu wa gari, wakaenda baa, akarudi jioni hatuna shamba. Mimi nilijua siku niliona vijana wanapiga bikoni, yale mawe ya mpaka, kwa boma yangu, karibu na mahali watoto wanalala. Nikauliza ni nini. Wakaniambia, mama, ongea na mzee yako. Hakuna mtu aliniuliza. Hata leo hakuna mtu ameniuliza. Sasa huyu msichana alipita kwangu akasema serikali imeita watu waulizwe." Akamgeukia Mutiso. "Basi niulize."

Mutiso alifuta meza kwa leso yake, taratibu. "Yeiyo," akasema, "unataka nini kwa hiki kiwanja?"

"Nataka kupita."

Akaketi. Mzee Kamau alikuwa anaangalia viatu vyake. Mkutano ule haukuamua lolote ila kwamba waya utolewe siku hiyo hiyo na chama cha wakazi kimlipe yule mama mtamba wake, na mambo hayo mawili yalifanyika. Baadaye Mutiso alinipeleka kibandani kula matumbo na ugali, akanikaripia kati ya matonge. "Kazi yako ni kutafsiri kinachosemwa kwa mkutano, si minong'ono. Wangeweza kuuana pale." Nikamwambia mnong'ono ndio ulikuwa mkutano. Alisukuma sahani ya kachumbari upande wangu, na kwa Mutiso hiyo ilikuwa hotuba nzima. Mpaka leo najiuliza kama ningeweza kufanya vingine, na kila mara nafika mahali pale pale. Watu wangeweza kuumia. Lakini wangeumia polepole zaidi kama ningenyamaza.

Baada ya hapo tuliacha mikutano kwa muda. Nilimwomba Mutiso niende nyumbani kwa wale ambao hawaji, wagonjwa, wazee, akina mama wa maduka, nikasikilize huko huko. Alikubali kwa sababu alikuwa amechoka. Ndipo nikafika kwa Mzee Kamau. Nilitegemea anifukuze, lakini alinikaribisha. Sebule ilikuwa nadhifu, makochi yamefunikwa vitambaa vya kufuma, chupa ya chai mezani, televisheni inawaka bila sauti. Dirishani alikaa mke wake, Mama Gathoni, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu alichopewa amshikie mtu. Nilimsalimia. Midomo ilisogea, sauti haikutoka. Kamau aliweka chai, akamnywesha kwanza, akamfuta kidevu, ndipo akanimiminia mimi. Nilipoinuka kuaga niliona ukumbini, kutoka jikoni hadi chumba cha kulala, viti vimepangwa kushoto na kulia kama kichochoro.

"Ni vya kushikilia," akasema alipoona naangalia. "Alipatwa na kiharusi mwaka jana. Daktari anataka atembee kila siku. Nilimtoa nje mara ya kwanza, lori ya mawe ikapita, akashtuka, akaanguka kwa mtaro. Mara ya pili ni bodaboda. Pale kiwanjani ni ng'ombe. Sasa tunatembea hapa. Tukifika jikoni tunarudi."

"Mzee, mbona hukusema hivi kwa mkutano?"

Aliniangalia kana kwamba nimemwambia avue koti. "Nisimame mbele ya watu niseme bibi yangu ameshindwa kutembea? Mwari wakwa, mimi ni mwenyekiti." Mwari wakwa, binti yangu, hakuwahi kuniita hivyo kabla.

Wiki hiyo hiyo nilikaa pia jikoni kwa Yeiyo Nashipae, chumba cha mabati kilichojengwa mgongoni mwa boma la zamani la udongo, moshi unatoka ukitaka. Alinipa chai ya maziwa matupu, tamu mno, ya maziwa kutoka kibuyu kilichosafishwa kwa kaa la moto, ladha yake bado iko ulimini mwangu. Aliongea juu ya kila kitu isipokuwa kiwanja. Juu ya mtoto wake wa kiume anayefanya kazi ya ulinzi Nairobi na hapendi ng'ombe tena. Juu ya majirani wapya wanaopiga muziki. Nilipomuuliza kama ng'ombe wanaweza kupita pembeni badala ya katikati, alisema, "Ng'ombe zinaweza. Mimi ndio sitaki." Nikasubiri. "Nikikubali pembeni leo, kesho mtasema nje."

Wazo la chokaa lilikuwa la Mutiso. Alisema watu hawaelewi ramani, wanaelewa ardhi. Basi tuichoree ardhini. Mvua fupi zilipokaribia, Jumamosi moja asubuhi, tulifika kiwanjani na magunia ya chokaa na ndoo, tukawaambia watu waje wachore wenyewe kila mtu anachotaka. Walikuja wengi kuliko tulivyotarajia, wengine kwa kuona kituko. Brayo na vijana wake walichora fildi kubwa kiasi kwamba goli moja liliangukia mbele ya choo cha lile kanisa la mabati, jirani na kiwanja. Akina mama walichora kivuli cha kukaa na mahali pa bembea. Wafugaji walisimama tu katikati, hawakuchora, maana njia yao ilikuwa imeshachorwa na kwato. Mistari ilikatana kila mahali. Watu walianza kupaza sauti, huyu amemkanyagia huyu, na Mutiso alikuwa ameketi juu ya gunia akijifuta jasho kama mtu anayejutia kuzaliwa.

Ndipo Mzee Kamau akatokea upande wa nyumba za mawe, ameshika kiuno cha mke wake. Walikuja polepole sana. Mguu mmoja wa Mama Gathoni ulikanyaga, mwingine ukaburuzwa na kuacha mchirizi vumbini. Kelele zilikufa zenyewe. Kamau alimfikisha mahali pa tambarare upande wa chini, akachukua chokaa kwa mkono wake mwenyewe, akachora mstari uliozunguka, duara refu lisilonyooka, halafu akamshika mke wake wakaanza kuufuata. Walifika pale mstari ulipokutana na njia ya ng'ombe, na hapo alikuwa amesimama Yeiyo Nashipae.

"Huyu ni nani?" akauliza Yeiyo.

"Ni bibi yangu."

"Ni mgonjwa?"

"Kiharusi."

Yeiyo alimtazama yule mama, halafu akamgeukia Kamau kwa hasira ambayo haikuwa ya kawaida. "Mwanaume mzima, unagombana na mimi miezi yote hii, unaumiza ng'ombe yangu, kumbe ni kwa sababu ya hii? Si ungesema!" Yeiyo alitema ugoro pembeni. Kisha akaenda upande wa juu, ule wenye mawe na mteremko, akasimama hapo, akaita wale moran wawili wasimame mbele yake, mbali kidogo. "Ng'ombe zitapita huku," akasema. "Mawe si kitu kwa ng'ombe. Huko chini ni sawa, atembee yeye. Lakini hapa," akapiga ardhi kwa fimbo, "hapa ni upana huu, na hakuna mtu ataweka waya. Milele."

"Hakuna waya," akasema Kamau. "Ukuta mdogo. Wa mawe. Wa kukaa."

"Na fildi?" Brayo akamlilia Yeiyo. "Madhee, mmekula fildi yetu yote!" Wakapunguza fildi, wakaigeuza, wakaipima kwa hatua, wakabishana, na mwisho Brayo akasema sawa, basi watazoea kupiga kona wakiwa wameegemea choo. Watu walicheka. Nilibeba ndoo kutoka kwa huyu kwenda kwa yule mpaka mikono yangu ikawa myeupe na kuwasha, na jioni ng'ombe walipotoka malishoni walipita katikati kama kawaida, wakafuta nusu ya mistari yote. Hakuna aliyekasirika. Tuliichora upya.

Mpango ule ulipita. Bustani ilijengwa polepole, kwa vipindi, kukiwa na miezi ambayo haikuonekana hata toroli, lakini ilijengwa karibu kama ilivyochorwa: fildi fupi, njia ya kutembea ya mviringo, ukuta wa mawe wa kimo cha kiti, na upande wa juu njia pana ya mifugo. Mwisho wa mwaka ule mkataba wangu uliongezwa na nikajua hii ndiyo kazi nitakayozeekea. Nilidhani nimejifunza kwamba watu wakiulizwa vizuri, mambo hunyooka. Nilikuwa mtoto. Njia ile tuliyoipigania mwaka mzima ilitumika miaka michache tu. Ardhi ya malisho ng'ambo iliuzwa, ikajengwa, ng'ombe wakapungua, wakabaki mbuzi, nao wakaisha. Yeiyo mwenyewe mwishowe alihamia kule ndani kupita Kajiado, kwa Silantoi. Kila nilipopita Kitengela nilikuwa nikiiona njia imekaa pale, pana, safi, haina kwato hata moja, nikajisikia kama mtu aliyeshona koti la mtoto ambaye ameshakua.

Ilipofika zamu ya marafiki kusema, pale matangani, Mzee Kamau aliinua mkono. Mjukuu alimsimamisha, akapewa kipaza sauti, akakishika mbali mno, akasogezewa. "Supa," akawasalimia wazee, na wao wakaitikia "Ipa," wakishangaa. "Mimi nilikuwa adui wa huyu mama," akasema. "Bibi yangu alitembea kwa ile bustani miaka minne kabla Mungu hajamchukua. Mwanzo nilitembea naye mimi. Halafu huyu mama akaanza kupita jioni na mbuzi zake, anaziacha na watoto, anamshika bibi yangu mkono, anazunguka na yeye. Akaniambia mimi niende nyumbani nipumzike. Kila jioni. Bibi yangu hakuwa anaongea. Na hata angeongea, angeongea Kikuyu. Lakini mimi nikiwa mbali nilikuwa naona midomo ya huyu mama inaenda, inaenda, na bibi yangu anacheka, na huko nyumbani hakuwa anacheka. Siku moja nikamuuliza, mama, mnaongea nini na bibi yangu? Akaniambia, 'Tunakusengenya wewe.'"

Hema lote liliangua kicheko. Silantoi alicheka akiwa amejifunika uso kwa shuka, mabega yakitetemeka, sikujua wakati gani kicheko kiligeuka kilio. Kamau alingoja. "Mimi nashukuru," akasema. "Ashe oleng." Akaketi, blanketi likarudishwa miguuni. Miaka yote ile nilidhani naijua hadithi ya bustani ile. Nilikuwa nimeandika ripoti yake. Hiyo sehemu haikuwamo, na hakuna swali nililowahi kumuuliza mtu ambalo lingeitoa.

Tulipokuwa tunakula wali na nyama, Brayo aliniambia kumebandikwa tangazo jipya. Kuna pendekezo njia ya ng'ombe iwe maegesho ya magari, na watu wameitwa kutoa maoni Alhamisi. "Wanasema hakuna ng'ombe," akasema. "Na si uongo, hakuna." Mutiso alisema yeye amestaafu. Mimi nilisema niko na kazi nyingi. Lakini Alhamisi nilikwenda, sijui kwa nini, nikaketi huku nyuma kwa wananchi, mahali ambapo sikuwahi kuketi, na viti vyake ni vibaya kuliko nilivyodhani. Mbele alikuwepo msichana mwenye kipaza sauti, sauti imeanza kumkauka. Wenye magari waliongea sana. Brayo akaongea. Mama mmoja muuza mboga akauliza mkokoteni wake utapitia wapi. Mwalimu akasema watoto wa shule hupita hapo kwa sababu barabarani kuna lori. Nami nikasimama nikasema habari ya Mama Gathoni, kwa ufupi, na watu wakasikiliza au hawakusikiliza. Mwishoni ikaamuliwa maegesho yatafutiwe mahali pengine, na jambo lile litazamwe tena bajeti ijayo. Kwa hivyo njia ipo. Mwaka huu ipo.

Watu walipotawanyika yule msichana alibaki akikunja nyaya. Alikuwa amesikia kwamba hii ndiyo kazi yangu. Alikuja, akanisalimia kwa heshima, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, kuna wakati inakuwa rahisi?"

"Hapana," nikamwambia. "Shika upande ule tubebe hii meza."